Ndoo ya nne ya togwa

Programu yangu imekosea, na sijui kama nataka kuirekebisha.

Leo majirani walikuja kutusaidia kuvuna ulezi. Wavunaji lazima wanywe togwa, kwa hiyo juzi niliandika programu ya kukadiria ndoo.

Jibu sahihi ni tatu kamili. Ila kompyuta ikihesabu desimali huacha kachembe mwishoni, kadogo kuliko punje ya ulezi. Na mimi niliiamuru: kikizidi chochote, panda hadi namba nzima inayofuata.

Ikasema nne. Mama akatengeneza nne.

Wavunaji wamekunywa, wameshiba, wameondoka. Ndoo ya nne haijaguswa! Nikamweleza mama kosa langu, uso umenishuka.

Akacheka. "Mpelekee Bibi Kristina."

Jirani yetu huyu amevuna nasi tangu sijazaliwa. Mwaka huu magoti yamegoma, basi sikumhesabu.

Nimemkuta kakaa mlangoni, kajifunga kanga yake ya shambani, kisu cha kuvunia mapajani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akaitazama ndoo, akaufuta mfuniko taratibu. "Nilidhani mwaka huu simo."

Waandishi wenzangu wa programu, niirekebishe kweli?