Sauti Iliyobaki Golini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu umelala uwanjani, na nguzo za goli la upande wa ukuta huzioni mpaka uzikaribie. Kocha wa makipa anazigonga kwa spana: ngo, ngo, ngo. Ndivyo anavyowaita wachezaji wake. Kupaza sauti hawezi. Koo lake linatoa mnong'ono tu, na ukitaka kumsikia sharti umsogelee kama mtu anayeambiwa siri.

Usidhani alizaliwa hivyo, thubutu! Huyu ndiye waliyemwita Tarumbeta. Misimu kumi na mmoja alidaka kwenye goli hilihili, na akiita "Kipa!" hata wauza nguo ng'ambo ya barabara walikuwa wakicheka: "Haya, mwenyewe ameshatoka."

"Neno hilo likikutoka, mpira ni wako," ananong'ona huku akivaa glovu. "Beki akisikia anapisha. Usipoita, mtagongana wenyewe kwa wenyewe."

Siku ya mwisho alitoka kufuata krosi, akaita, akaudaka. Goti la mshambuliaji likamfika kooni. Hospitali waliokoa uhai wake, lakini sauti haikurudi. Klabu ikampa kazi ya kufundisha makipa wa timu ya wanawake, kwa theluthi ya mshahara wake wa zamani. Akaikubali. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mkewe, fundi cherehani mwenye maneno yake, humtania: "Niliolewa na tarumbeta, nikabaki na filimbi iliyoziba."

Sasa hapa simulizi inaingia mahali ambapo mwandishi wake angependa isiingie.

Mtunza uwanja ndiye aliyesikia kwanza. Alikuwa peke yake akipiga chokaa mistari, mara goli la ukutani likaita: "Kipa!" Anasimulia akicheka, lakini macho hayacheki. "Nilidhani nataniwa. Nageuka, hakuna mtu. Nikatupa ndoo, nikatimua mbio. Aibu ya nini, bwana, na roho yenyewe moja?"

Kisha mabeki wakaanza kuisikia mazoezini. Krosi ikipigwa, sauti ya kiume inaita nyuma yao, kubwa na kavu, nao wanapisha. Kocha akamleta mkewe. Mama huyo alisimama karibu na wavu, akaisikia mara moja tu, akajishika mdomo.

"Ni wewe," akamwambia mumewe. "Ni wewe kabla hujaumia."

Aliogopa? "Mwili ulinisisimka," anasema kocha. "Halafu nikafurahi. Ndugu yangu, hujui kukaa miaka yote hiyo bila kuisikia sauti yako mwenyewe." Akawa anawahi uwanjani kabla ya watu, anarusha mpira juu mbele ya goli, anatega sikio. Sauti haikuwahi kukosea. Iliita pale tu kipa anapopaswa kutoka.

Balaa likaanzia hapo. Kipa wake ni binti mrefu, mwepesi, mikono yake inanata mpira, ila ni mkimya kiasi kwamba wenzake wanamwita Bi Harusi. Kwenye goli la ukutani hakujisumbua kufungua kinywa. Sauti inamwitia, mabeki wanapisha, yeye anadaka. Timu ikisafiri, mpira unaning'inia hewani, wanatazamana, hakuna anayeita. Mechi ya ugenini iliyopita alimgonga beki wake wa kati kichwa kwa kichwa. Beki alishonwa paji la uso.

"Kwa nini huiti, mwanangu?" kocha alimuuliza.

"Kocha, ile inaita vizuri kuliko mimi. Nikiita mimi nani atanisikia?"

Maneno hayo yalimchoma. Kile kinachompa raha yeye kila asubuhi kingemvunja mtoto wa watu shingo. Na akikifukuza, hataisikia tena sauti yake.

Asubuhi hii ameamua. Anawapanga mabeki, anamwinamia Bi Harusi sikioni. "Ita wewe kabla yake. Mimi mwenyewe nakuomba, itangulie."

Krosi ya kwanza, goli linaita. Nywele za shingoni zinasimama, za mwandishi zikiwemo. Ya pili, linaita tena, na Bi Harusi anadaka bila neno. Kocha anaipiga nguzo spana kwa hasira.

"Yule si kipa wao! Kipa wao ni wewe!" ananong'ona, mishipa imemtoka.

Mpira unaofuata unapanda, unapotelea ukunguni. Bi Harusi anapiga hatua. "Kipa!" Sauti nyembamba, inakwaruza, lakini imetangulia. Mabeki wanapisha. Anaudaka kifuani, na wote wanasubiri ile nyingine.

Haiji. Krosi baada ya krosi, haiji. Wenzake wanamrukia kwa shangwe. Kocha anapiga makofi, kisha anageukia ukuta, na mabega yake yanatikisika kwa kilio.

Wiki iliyofuata mwandishi alimkuta nyumbani kwake, chumba kimoja na sebule, mkewe akiwa kwenye cherehani anapindia jezi.

"Imehamia huku," mama huyo alisema bila kuinua macho. "Akishapitiwa na usingizi, anaita. Ileile, kubwa. Jirani ameshagonga ukuta."

Kocha anacheka bila sauti. Yeye haijui, amelala. Mkewe alijaribu kumwamsha aisikie, ikakatika pale alipofumbua macho. Sasa hamwamshi. Analala chali gizani, anaisikiliza kwa niaba yake.

Jumamosi timu inasafiri. Kocha ameomba asikae benchi. Anataka apande jukwaa la mwisho kabisa, mbali na goli. "Nikimsikia binti yangu kutoka kule juu, nitajua nimefundisha," anasema.

Hadi siku hiyo, kuna jambo moja analomuuliza mkewe kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso.

"Niliita kwa wakati?"

"Kwa wakati kabisa, mume wangu," mkewe humjibu. "Walipisha wote."