Siku Ishirini za "Hakuna Tukio"

Kila mlezi akimaliza zamu huandika kwenye daftari la kituo: nani amekula, nani amekataa dawa, nani amepiga au kupigwa. Kwa siku ishirini mfululizo Mama Taratibu aliandika maneno mawili tu: hakuna tukio. Ulikuwa uongo mtupu, tena alijua.

Miaka kumi na mmoja alikuwa akilea watu wazima wenye ulemavu wa akili, na jina hilo alibandikwa na wenzake kwa kuwa neno "taratibu" halikumbanduka mdomoni. Kipenzi chake alikuwa Kamanda, mwanamume wa miaka thelathini na miwili asiyesema, ambaye kila asubuhi hukagua viatu vya watu wote na kuvipanga mstari. Tangu mama yake afariki na kule kutembelewa Jumapili kukatika, Kamanda alianza kupiga akiogeshwa. Alimpiga Mama Taratibu begani, mbavuni, na siku moja mdomoni. Angeyaandika hayo, wangemhamishia Kamanda kituo cha mbali ambako, alisikia, watu hushindishwa usingizini kwa dawa. Basi akavaa mikono mirefu na joto lote lile, na nyumbani akasema amejigonga kwenye kabati.

"Hilo kabati lina kisa na wewe," mumewe alisema. Wakacheka, bwana, na moyo wa mke umechoka hauna hata nguvu ya kulia. Kuna siku alimchukia Kamanda, kisha akajichukia kwa kumchukia.

Siku ya ishirini na moja alikuwa na mapumziko. Mlezi mgeni, binti wa wiki mbili kazini, alisoma daftari, akaona shwari, akaingia bafuni na Kamanda peke yake. Binti alitoka taya limevunjika.

Mkuu wa kituo alimwita Mama Taratibu, wala hakufoka. "Dada yangu, wewe amekupiga mara ngapi?"

Alitaka kusema mara mbili. Akajikuta anapandisha mkono wa blauzi.

"Kwa nini hukusema?"

"Mngemwondoa."

"Tungeweka walezi wawili bafuni. Daftari ni la kazi hiyo."

Hilo halikuwahi kumpitia akilini.

Jioni alikwenda hospitali. Binti, taya limefungwa, hakuweza kusema. Alivuta karatasi akaandika: Mama, nilikosea wapi? Nilimgusa vibaya?

Mama Taratibu aliisoma mara mbili, machozi yakamtoka.

"Hukukosea popote, mwanangu," alisema. "Mimi nilijua, nikanyamaza."