Planche Moja, Watoto Wawili

Pa, pa, pa. Huo mlio sijausahau hadi leo: ubao ukigonga paja la kaka yangu Murhula, akishuka mbio ile ngazi ya udongo ya kwetu, jua likiwa katikati ya kichwa. Sikuwa na haja ya kuchungulia. Nikiusikia tu, niliacha sahani ya maharagi, nikavuta sketi ya bluu, nikatoka mlangoni mikono mbele kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Yeye alinipa planche na rula ya té, ile ndefu yenye umbo la T, mimi nilimwachia kijiko. Yeye alikaa kula, mimi nikaanza kupanda mlima kwenda shule.

Planche ndiyo ubao wa kuchorea. Bila hiyo huwezi kusoma dessin, maana mistari inataka kitu kilichonyooka chini yake. Murhula alikuwa amerudia darasa, kwa hiyo tulikuwa mwaka mmoja wa construction, fani ya ujenzi, yeye asubuhi, mimi après-midi, baada ya saa sita. Papa alipoona hivyo, alitengenezesha planche moja tu kwa seremala, ya mbao nzuri ya libuyu, akaileta nyumbani begani huku akicheka.

"Murhula asubuhi, Nabintu après-midi," alisema. "Planche moja, batoto mbili. Nani alisema papa yenu hajue hesabu?"

Sote tuliona ni akili kubwa. Mimi hata zaidi, maana planche ilinifikia ikiwa bado na joto la kwapa la kaka yangu, na harufu ya penseli, na mara nyingine punje ya muhindi alioula njiani. Niliipenda. Tulikuwa wasichana watatu tu darasani, na mimi nilikuwa nimeshajiona na kofia ngumu ya wajenzi kichwani. Jirani yeyote aliyelalamika kuhusu choo chake, nilimchorea kipya bila kuombwa. Kwa pande tatu: uso wa choo, juu yake, upande wake wa kushoto. Hakuna hata kimoja kilichojengwa, lakini mtaa mzima ulikuwa na vyoo vizuri sana kwenye karatasi.

Prof wetu wa dessin alikuwa mtu mwembamba wa kravati shingoni, hata siku za joto. Alikuwa akirudia: "Dessin ni usafi. Uchafu ni uongo." Ijumaa moja, mwisho wa mwaka, alisimama mbele yetu kutangaza mtihani, akasafisha koo.

"Lundi ni examen. Ba asubuhi na ba après-midi mutafanya pamoja, asubuhi, ili mutu asiambie mwenzake. Kila mutu na planche yake. Mwenye hana, abaki kwao. Na mwenye atakosa nusu ya pointi, construction aisahau. Wasichana tutawatuma coupe-couture, bakashone nguo."

Wenzangu waliguna. Mimi nilitazama ubao mikononi mwangu, na ndipo nilipoona kile ambacho nyumba nzima haikukiona kwa mwaka mzima: siku ya examen haina après-midi.

Jioni niliwaambia, fufu ikiwa katikati yetu. Murhula aliinamia sahani. Papa alikohoa.

"Mutafanya namna, njia haikosake," alisema.

Maman alinitazama, akanipangusa shavu kwa kidole chenye mboga ya sombe. "Nabintu wangu iko na akili ya kutafuta. Huyu mutoto, hata jiwe atalikamua maji."

Nilifurahi, kweli. Nilikula fufu yangu na sifa yangu. Asubuhi yake nilikuta planche imeegemezwa kitanda cha Murhula, na kamba ya kubebea imeshafungwa. Nilielewa siku ya examen itakuwa ya nani.

Nikatafuta. Kijana mmoja wa juu yetu, aliyekuwa amemaliza shule, alinionyesha planche yake: ilikuwa mlango wa kibanda cha sungura, na sungura walikuwa wamekula kona mbili. Mwingine alikuwa ameikata pande mbili akapata viti. Siku ya Mungu, tukitoka misa, nilishuka hadi Muhumba, na hapo kando ya barabara nikamkuta Maman Furaha, muuza mandazi, akisukuma unga juu ya ubao niliouona kuwa ni wenyewe kabisa.

"Maman, hii iko planche ya dessin!"

"Ilikuwa. Sasa iko ya mandazi." Hakuacha kusukuma. "Ya mutoto wangu wa kwanza. Alimaliza construction, tukacheza, tukakula kuku. Leo iko Shabunda, anachimba zahabu. Inaonekana shimo haiombake plan."

Nilimweleza yangu yote, nikiinamia ule ubao. Akapangusa mikono kwenye kikwembe chake cha kiunoni.

"Aya, usinililie ndani ya unga. Chukua. Kesho nitapika uji tu. Lakini kesho jioni iwe hapa, siku ifuatayo batu banakula."

Niliusugua ubao ule kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni. Niliuanika juu ya bati mpaka ukawa mweupe kama hostia. Maman yangu alipita akasema, "Munaona? Nilisema nini?" Papa akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Jumatatu, hiyo lundi yenyewe, tulikaa wote katika sale moja, ukumbi wa shule chini ya mabati, tumebanana. Walitupa karatasi moja moja, yenye muhuri wa shule, na kazi ilikuwa ngazi: kuichora kwa pande tatu, kisha kuipitishia wino. Ngazi! Mimi niliyezaliwa kwenye ngazi. Niliichora kwa penseli haraka, nikitabasamu peke yangu.

Kisha jua likapanda, bati likaanza kulia, na mkono wangu ukawa unabonyeza karatasi. Kwanza niliona doa dogo karibu na kidato cha chini, kama dirisha. Halafu lingine. Mafuta ya mandazi ya miaka yote yalikuwa yamelala ndani ya mbao, na joto liliyaamsha. Nilipopitisha wino, mstari uliteleza, ukakataa kushika, ukajikusanya kama ushanga.

"Prof, nipatie hata gazeti nitie chini."

"Hakuna kuongea."

Murhula alikuwa mbele yangu kidogo. Aligeuka. Aliona karatasi yangu, aliona uso wangu. Kisha akageukia kazi yake, na nilisikia té yake ikiteleza vizuri, taratibu, juu ya libuyu.

Siku ya kurudisha kazi, Prof aliinua yangu mbele ya dirisha ili mwanga upite.

"Nabintu, ulichora ao ulikaanga?"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. Ingekuwa vibaya zaidi kutocheka. Septemba nilikaa nyuma ya cherehani. Murhula alipata nusu yake, akaendelea, akamaliza, na leo anaendesha moto, pikipiki ya abiria, kati ya mjini na Mudaka. Té sijui iko wapi.

Sikumwuliza kwa miaka. Nilimwuliza juzi tu, akinishusha mbele ya kibanda changu cha kushonea: "Ile siku, kaka, ulinifikiria hata kidogo?"

Alishangaa kwa moyo mweupe. "Nilijua utapata. Si wewe unapataka yote?"

Hapo ndipo nilipoelewa ile sifa ya jioni ya fufu. Hakuna aliyenichukia nyumbani kwetu. Waliniamini tu, na mtoto anayeaminiwa kwamba atajitafutia, hapewi. Kama ningekuwa mjinga kidogo, mtu angekaa chini akafikiri kwa ajili yangu. Bado naota, siwezi kuacha. Hata magauni yangu naanza kuyachora kwa pande tatu. Ila siku mtu ananiambia nina akili ya kutafuta, namtazama kwanza mikononi.

Jioni ile ya examen, nilishuka Muhumba kama nilivyoahidi. Maman Furaha hakuwepo. Niliuweka ubao juu ya mawe yake. Kwenye kona zake nne scotch yenye gundi niliyoshikishia karatasi ilikuwa bado imenata. Nilichuchumaa, nikaibandua kwa ukucha, kidogo kidogo, kona moja baada ya nyingine, isije ikaingia ndani ya unga wa watu.