Mnazi wa Kwenye Debe

Katika hadithi nyingi nilizosoma, mtu akishachoshwa na ulimwengu hurudi kwao, na njia humngoja palepale alipoiacha. Hadithi hizo hunikera. Sisi tulikuwa watu wa kuhama, na hadi leo nikifika ukurasa wa kurudi nyumbani nafunga kitabu, naenda kuzunguka uani.

Mdogo wangu wa kike alizaliwa Kurasini, zama za Mwingereza, baba akiwa karani bandarini. Wazazi wangu walitoka bara. Kwao, kitovu cha mtoto kikikatika huzikwa kwenye shina la mgomba wa ukoo. Hapa mgomba wa ukoo ungetoka wapi? Mama akawauliza majirani wenyeji wao hufanyaje. Wakamwambia: zika, kisha panda mnazi juu yake. Mama alifurahi kupita kiasi. Siku hiyo alijiona mtu wa Pwani, akapanda mche nyuma ya nyumba tuliyopanga.

Jambo ambalo hakuna aliyemwambia, maana kila mwenyeji huzaliwa akilijua, ni kwamba mpangaji hapandi mnazi. Mwenye mnazi ndiye mwenye ardhi.

Mwenye kiwanja alikuja baada ya sala ya Ijumaa, akautazama ule mche.

"Shikamoo, mzee," mama alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mnazi utabaki, nanyi mtabaki. Ila mbele ya majirani useme ni wangu."

Baba alikuwa tayari kusema hata mara mia. Mama hakutaka.

"Chini yake kuna kitovu cha mwanangu, mzee. Nikisema mnazi ni wako, na mtoto nimsemeje?"

Mwezi haukuandama tukiwa pale. Tulihamia Buguruni, mche na udongo wake ndani ya debe la mafuta ya taa. Baada ya Buguruni, Temeke. Kila nyumba debe lilitangulia kuingia, vitanda vikafuata. Majirani walitucheka: watu wa bara hawa, wanatembea na shamba lao. Niliona haya, na nilimkasirikia mama. Mnazi ulidumaa, mdogo wangu akaupita kwa kimo. Akiuliza utapandwa lini, mama alimjibu vilevile kila mara: "Tukipata petu."

Temeke nako tukaambiwa tupishe. Mkokoteni ulipofika, mama aliinama kulibeba debe. Halikuinuka. Akajaribu tena, kisha akachungulia chini. Kitako kilikuwa kimeliwa na kutu, na mizizi imeshapenya ardhini bila kumwomba mtu ruhusa.

Baba akaingia ndani kutafuta panga. Mama alisimama tu, mikono kiunoni, hajui amzuie au amwache.

Mdogo wangu aliteremka kwenye mkokoteni, akaketi mchangani, akalikumbatia debe.

"Nyie nendeni," alisema. "Mie kwetu hapa."