Ubishi wa Dagaa kwenye Mtihani wa Pamoja

Shule yetu iko nje kidogo ya Butiama. Tulipoamua kutunga mtihani wa pamoja wa kidato cha pili na shule moja ya Musoma na nyingine ya Bunda, Musoma walichukua Kiingereza, sisi na Bunda tukapewa Kiswahili. Zamani maswali yalikuwa yanasafiri kwa flashi ndani ya bahasha, mkononi mwa kondakta wa basi, na ikifika imeshaokota virusi vya kila stesheneri. Safari hii tuliitwa Musoma tukafunguliwa barua pepe za shule, tukaonyeshwa namna watu wawili wanavyoweza kuandika kwenye faili moja la mtandaoni, kila mtu akiwa kwake. Akaunti zilibeba masomo, siyo majina yetu. Mimi nikawa Kiswahili Butiama. Mwalimu wa Bunda hakufika siku hiyo, alikuwa na vipindi.

Baada ya wiki hivi, mchana vipindi vikiwa vimeisha, nilikaa ofisi ya walimu nikaanza kuandika kifungu cha ufahamu. Nilichagua mwalo wa Mwigobero, pale Musoma wanaposhushia samaki, maana nilikulia karibu na pale na mama yangu alikuwa anauza dagaa. Nikaandika: "Dagaa zimeanikwa mchangani." Nikawa naisoma tena kwa raha, mara herufi zikaanza kufutika zenyewe, moja moja. Mahali pa "zimeanikwa" pakaandikwa "wameanikwa". Nikanyanyua mikono juu ya kibodi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Mwalimu, laptop imeingiliwa," nilimwambia mwalimu wa kompyuta.

Alikuja akatazama, akacheka. "Huyo ni mtu. Soma hapo juu."

Palikuwa pameandikwa Kiswahili Bunda.

Nikarudisha sentensi yangu. Ikabadilishwa. Nikarudisha tena. Ndipo pembeni pakatokea kiboksi cha maoni: "Dagaa ni viumbe hai, ngeli ya A-WA. Tusiwafundishe watoto makosa."

Nikajibu: "Hawa wameshakufa, mwalimu. Na mimi nimezaliwa ziwani."

Jibu halikuchelewa: "Marehemu naye amekufa, lakini tunasema amezikwa. Hatusemi imezikwa."

Nilicheka hadi wenzangu wakageuka, na hasira zangu zikiwa palepale. Kwa ile kasi ya kuandika, nilishamwona kichwani: mvulana aliyetoka chuo juzi, anavaa tai hata Jumamosi. Nikamwandikia, "Kijana, usiwe na haraka ya kufuta kazi za wakubwa." Halafu likaja neno moja, "Nipigie," na namba ya simu.

Nilipiga nikiwa nimejiandaa kumsema. Iliyopokea ilikuwa sauti nzito ya mama mtu mzima, na kuku walikuwa wanalia nyuma yake.

"Shikamoo mama. Samahani, nimekosea namba."

"Marahaba. Hujakosea. Mimi ndiye huyo kijana."

Nilitamani sakafu ifunguke. Yeye alikuwa anacheka tu. Anakaa Guta, hukohuko Bunda, analima pamba, na alianza kufundisha mimi sijajua kusoma. Nikamuuliza faili la mtandaoni kafundishwa na nani.

"Na nani tena? Nilikuwaga nabonyeza kila kitu mpaka kinakubali. Kompyuta haing'ati, mwanangu."

"Sasa mama, hata nyumbani kwako mnasema dagaa wameiva?"

"Nyumbani nasemaga zimeiva, kama wewe. Lakini mtihani si jikoni."

Tukakubaliana kifungu kibaki na "wameanikwa", kisha swali la mwisho liwaulize wanafunzi kwa nini watu wengi husema "zimeanikwa". Sentensi ya swali tuliiandika pamoja, simu ikiwa sikioni, kila mmoja akifuta neno la mwenzake kwa kuomba ruhusa.

Majibu yalitufurahisha kuliko tulivyotegemea. Msichana mmoja wa shule yetu aliandika kwamba dagaa wakiwa ziwani ni wao, wakifika sokoni ni zenyewe, kwa sababu zimeshakuwa mali ya mtu. Mimi nikampa alama zote, mama akampunguzia, tukabishana tena kwenye maoni. Mwisho akaandika, "Njoo Kiabakari Jumamosi, hapo katikati yetu, tumalizane uso kwa uso."

Nilimkuta mgahawani kando ya barabara, mwanamke mfupi aliyefunga kitenge cha njano. Alinikumbatia kabla sijamaliza kumwamkia, akaagiza ugali na sato. Yule msichana alipata alama zake zote kabla hatujanawa mikono.

Mama ameshastaafu, na akaunti ya Kiswahili Bunda ina mtu mwingine. Alijifungulia barua pepe yake mwenyewe, na sasa tunaandika kitabu cha hadithi cha watoto kwenye faili moja, yeye asubuhi akitoka kupalilia, mimi jioni. Tumefika sura ya nne. Hatujakubaliana bado kama yule binti wa hadithi aende kusoma Musoma au abaki kijijini afungue duka, na kila jioni nikifungua faili nakuta ameshamhamisha.