Hesabu za Fundi Picha

Fundi picha wetu wa hapa Korogwe huandika hesabu zake nyuma ya picha za pasipoti zilizoharibika, vidole vikiwa na gundi, midomo ikinong'ona kama mtu avutaye tasbihi. Kutwa hukata sura za watu, lakini moyo wake uko kwenye nyota alizozipiga picha kijijini Sindeni, msimu watu walipokuwa wakichoma mashamba na mng'ao wa moto ukitia doa picha zake. Kwenye kompyuta hulaza picha ya nyota juu ya picha ya mng'ao wa moto, kisha huiamuru: hii, toa ile.

Siku ile mashindano ya picha aliyotaka kuingia yalikuwa yanafungwa saa kumi alasiri, nami nilikuwa nasubiri zamu yangu pamoja na Bi Shamsia aliyekuja kuchukua picha yake. Fundi akatoa mng'ao wote, na wingu jekundu lililoko kati ya nyota, lile alilolitaka hasa, nalo likafutika. Akarudi akatoa robo. Moto ukameza nyota.

"Si upake wekundu tu, mwanangu?" Bi Shamsia akamtania. "Mimi mbona umenipaka weupe pichani?"

"Wewe uliomba, bibi. Nyota hazijaomba."

Akafuta, akaandika nusu. Wingu likajitokeza, jekundu, jembamba kama uzi. Saa kumi kasoro dakika tatu.

"Lakini hapo chini kwenye kona kumebaki moto," bibi akamwonyesha.

"Ulikuwepo kweli, bibi," akasema, na picha akaituma hivyo hivyo.