Wasishuke

Watu wa Mtae walimwita Rubeni Shekiondo jina la Kasuku, na mwenyewe hakuchukia. Kazi yake si ndiyo hiyo, kusikia na kurudia? Kibanda chake cha mabati kilikaa ukingoni kabisa, pale mlima unapokatika ghafla na tambarare ya Mkomazi ikaonekana yote huko chini. Ndani mlikuwa na mitambo miwili ya simu ya upepo, betri, kiti kimoja na daftari. Mtambo mmoja ulipokea sauti, wa pili uliirusha upya, na kati yao ulipita waya wenye swichi. Ukiwasha swichi, mtu wa msituni Shagayu akizungumza, sauti yake ilipita Mtae yenyewe ikavuka milima mpaka Lushoto, ofisini kwa Bwana Miti, mkubwa wa misitu, Rubeni hajafungua mdomo. Wanakijiji wakasema huyu bwana anakula mshahara wa kukaa. Watu nao, hawakosi la kusema.

Wasilolijua ni kwamba tangu mwaka 1957 uishe, swichi ile ilikuwa inazimwa zaidi ya kuwashwa. Shamba moja la mkonge huko tambarare lilileta simu ya upepo mpya, na huyo aliyewapangia masafa, Mungu anamjua, akawapangia palepale Rubeni anaposikilizia. Mtae iko juu, na kila kinachosemwa bondeni hupanda. Karani wa shamba, mtu mzima aliyeitwa Bakari, alipoanza kusoma orodha yake ya asubuhi, sauti yake iliingia kwenye mtambo, ikapita kwenye waya, ikamwagwa milima mizima. Bwana Miti yuko Lushoto anangoja habari za moto, anaambiwa Salimu wa kambi ya pili anaharisha. Rubeni aliandika barua tatu kwa wakubwa. Akajibiwa mara moja tu, kwamba suala linashughulikiwa.

Basi mwingiliano ukizidi, alizima swichi ya waya akafanya kazi kwa mdomo: anasikia huku, anasema kule. Na hapo ndipo palikuwa na fahari yake. Wakati wa vita alikuwa Bama, huko Asia, na askari wa mawasiliano, amejifunza kuokota neno katikati ya mvua na mizinga. Kanuni yake ilikuwa moja, usiongeze na usipunguze. Ila alikuwa na kasoro, na nitaisema maana hakuna atakayeisema: hakupenda kumwambia mtu "rudia". Aliona kama anakiri kwamba masikio yamezeeka. Kuuliza si ujinga, hilo alifundishwa tangu utotoni, akalisikia kwa sikio hili likatokea lile.

Sasa, Februari ya mwaka 1958 ilikuwa kavu. Mvua za vuli zilikuwa zimedanganya, na majani ya Shagayu yalikuwa yanavunjika mkononi. Asubuhi moja, saa tatu hivi, mzee Shabani, mlinzi wa moto, akaita kutoka kileleni kwake. Moto umeanza upande wa magharibi, akasema, na upepo unausukuma. Bwana Miti akaagiza kikosi cha watu kumi na wanne kiende kufyeka njia ya kuuzuia. Kiongozi wao alikuwa mnyapara Mussa, na aliyebeba simu ya upepo mgongoni alikuwa Timotheo, mdogo wake Raheli, mke wa Rubeni.

Milima ilivyokaa, Timotheo na mzee Shabani hawakuweza kusikiana wenyewe. Mzee aliuona moto wote lakini hakuweza kuwaambia walio karibu nao. Kikosi kilikuwa mbele ya moto lakini hakikuona zaidi ya moshi. Kati yao alikuwepo Rubeni peke yake, na siku hiyo Bakari alikuwa na orodha ndefu.

"Shamba la chini, wagonjwa wa leo," Bakari alikuwa anasoma, bila haraka, kama mtu anayesoma matangazo kanisani. "Salimu Hoza, homa. Rajabu Mbelwa, mguu."

Mpaka saa nne na nusu, Rubeni alikuwa amekwisha kumwomba mzee Shabani arudie mara mbili. Mara ya pili mzee alikasirika.

"Rubeni mwanangu," akasema, "mimi nimebakiwa na meno mawili lakini ulimi ninao. Nikusemeshe kama mtoto?"

"Samahani mzee. Nimekupata."

Usicheke. Kwetu mtu mzima akisema, amesema. Kumrudisharudisha mzee kwenye neno lake ni kumwambia hasemi vizuri, na Rubeni alikuwa amelelewa nyumbani ambako kwa kosa hilo unakula kibao. Masikio yalimwaka moto kwa aibu. Akajiambia hatamwuliza tena.

Saa tano Timotheo akaita. Sauti yake ilikuja safi, maana Bakari alikuwa amenyamaza kidogo, labda anakunywa chai.

"Kasuku wa dada yangu, upo? Ova."

"Nipo shemeji. Acha mchezo. Sema. Ova."

"Mchezo uko wapi, nimekwisha kuwa muhogo wa kuchoma. Moshi umezidi, mbele hatuoni. Mussa anauliza, tubaki hapa mgongoni mwa mlima, au tushuke kijitoni? Mwulize mzee. Ova."

Rubeni akamwuliza mzee. Mzee akakaa kidogo, bila shaka anatazama, kisha akaanza kujibu. Na Bakari naye akamaliza chai yake.

"Waambie wa..." ilikuwa sauti ya mzee, na juu yake ya Bakari: "Kaniki, jicho..." na chini tena: "...shuke. Umesikia? Wa..." na juu: "Mwanahawa, amejifungua..." na chini: "...shuke. Ova."

Mara mbili mzee alisema, na mara mbili karani alimkanyaga katikati.

Rubeni alishika kitufe asikibonyeze. Wa, shuke. Washuke. Mbona inaeleweka? Chini kuna maji, na mtu gani anakimbia moto halafu anayapa maji mgongo? Lakini lilikuwepo pengo dogo katikati ya neno, naye alilisikia. Hilo alilikiri baadaye, pengo alilisikia. Akafikiria kusema "rudia, mzee". Akakumbuka meno mawili. Akabonyeza.

"Timotheo, mzee anasema shukeni. Shukeni kijitoni. Ova."

"Shukeni, tumepata. Afadhali, nilikuwa na kiu. Ova."

Mzee hakuisikia amri hiyo, alikuwa amekwisha kuacha simu akarudi kutazama moto. Rubeni akaandika katika daftari: saa tano na dakika nane, kikosi kimeambiwa kishuke. Mwandiko wake ulikuwa mzuri siku zote.

Zilipita dakika kumi. Akasikia mzee Shabani anaita, na safari hii alikuwa akipiga kelele mpaka sauti yake ikampita karani.

"Rubeni, mbona nawaona wanashuka? Nimesema wasishuke. Wasishuke! Moto umeruka, uko chini kwenye kijito, unawapandia. Waambie wabaki juu."

Si. Silabi moja tu. Kiswahili chetu hiki kizuri kinaficha hapana katikati ya neno, mahali ambapo hata kikohozi kinaweza kuimeza, ikabaki ndiyo tupu. Akabonyeza kitufe.

"Timotheo, pandeni. Pandeni juu. Moto uko chini. Pandeni mgongoni. Ova."

Alipoachia kitufe asikilize jibu, alimsikia Bakari. Bakari alikuwa amefika kwa wasiofika kazini bila ruhusa.

Akaita tena, na tena, mara tano. Kusema aliweza, maana masafa ya kusemea yalikuwa mengine, ila kusikia ndiko kulikoshindikana. Hakujua kama kule bondeni sauti yake inafika. Hakujua kama wamegeuka, au wanaendelea kushuka huku wanacheka kiu ya Timotheo. Jasho lilimtoka mpaka kifaa cha kusemea kikateleza mkononi.

Ilibaki njia moja, nayo ilikuwa imekatazwa. Masafa ya mtambo yalishikwa na kipande kidogo cha kioo, na kwenye sanduku la vipuri kilikuwepo cha masafa yale ya Bakari. Akikibadilisha ataweza kuzungumza na karani, lakini muda huo wote kikosi hakitamsikia. Akatazama moshi uliokuwa unapanda ng'ambo ya Shagayu. Akachomoa kioo cha kwanza, akachomeka cha pili, akangoja Bakari avute pumzi.

"Wewe wa shamba la mkonge, funga simu yako. Ova."

Kisha Bakari akajibu, taratibu, sauti ya mtu aliyeudhika.

"Nani huyo anaingia kwangu bila hodi? Hata salamu? Wewe kijana ni wa wapi? Ova."

Rubeni alitaka kumtukana. Tusi lilikwisha kufika mdomoni. Lakini alimjua mtu wa namna hiyo, ukimtukana atakujibu kwa hotuba, na kitufe kikiwa mkononi mwake hakuna wa kumnyamazisha.

"Shikamoo mzee," akasema. "Naitwa Rubeni, niko Mtae, simu ya misitu. Sauti yako inaziba yangu. Kuna watu kumi na wanne ndani ya moto na siwasikii. Shemeji yangu yumo. Nakuomba baba, nyamaza. Ova."

"Marahaba," Bakari akasema, na sauti ilikuwa imebadilika kabisa. "Nafunga. Mungu awasaidie."

Na kweli akafunga. Sitamlaumu Bakari, mtu alikuwa kazini kwake, hata hakujua. Rubeni akarudisha kioo cha kwanza, kikaanguka chini ya kiti, akakitafuta kwa magoti, akakichomeka. Sasa hewani palikuwa peupe. Na Timotheo alikuwa katikati ya maneno.

"...mara ya sita hii nakuita, shemeji. Kwanza shukeni, sasa pandeni. Lipi neno lako? Mussa amekwisha kupanda na watu, nimebaki mimi hapa jiweni, maana nikitoka jiweni sauti haishiki. Wanangoja njia panda nikawaambie. Nijibu. Ova."

Yaani alikuwa anauliza. Yule mtani, yule asiyejua kunyamaza, alipopata maneno mawili yanayogombana alifanya kama inavyotakiwa. Alisimama akauliza, mara sita, akangoja ajibiwe.

"Panda," Rubeni akasema. "Ni pandeni, nilikosea mimi. Tupa huo mtambo, panda mbio. Ova."

Timotheo alikohoa muda mrefu. Nyuma yake kulikuwa na mlio kama wa mvua kubwa juu ya bati, na mvua haikuwepo.

"Wewe ndiye uliyesema tushuke, shemeji," akasema.

Hakusema ova, ile ya kumwachia mwenzako zamu ya kusema. Rubeni aliita mpaka betri zikaanza kulegea, na saa nane mzee Shabani akamwambia kwamba amewahesabu mgongoni, wako kumi na watatu. Mussa aliposikia mlio ule hakungoja tena njia panda. Aliwapandisha watu wake mpaka juu, kisha akarudi mara mbili kumfuata Timotheo, na mara mbili moto ukamrudisha.

Habari hutembea kuliko miguu. Rubeni alipofika nyumbani jua likiwa bado juu, uani palikwisha kujaa wanawake wa jirani, na Raheli ameketi juu ya mkeka na kanga mdomoni. Wote walikwisha kupata wa kulaumu: ile simu ya mkonge. Jenoveva, jirani yao wa upande wa juu, alimshika Rubeni mkono akamwambia pole baba, wazungu na mkonge wao wametuulia mtoto. Angeweza kuitikia tu. Hata Bwana Miti, alipokuja siku ya tatu, aliandika kwamba chanzo ni mwingiliano wa masafa, akataka Rubeni atie sahihi. Hakuna aliyesikia pengo lile ila yeye.

Pale uani, siku hiyohiyo, Raheli akamwangalia.

"Alisema nini mwisho?"

Rubeni akaketi chini, mbele yake, juu ya udongo.

"Alisema: wewe ndiye uliyesema tushuke, shemeji."

"Kwa nini alisema hivyo?"

"Kwa sababu ni kweli. Mzee Shabani alisema wasishuke. Mimi nilisikia nusu. Nilijua nimesikia nusu, nikaona haya kumwuliza mara ya tatu. Nikawaambia shukeni."

Mtu mmoja nyuma alianza kulia, akanyamazishwa. Raheli hakulia. Kisha akainuka, akajifunga kanga ya pili, akaelekea njia ya kwa mama yake, ambaye alikuwa hajaambiwa bado. Mlangoni mwa ua akasema kitu, kanga ikiwa bado mdomoni, na mtoto wa jirani alikuwa analia, na neno halikufika lote.

Rubeni alisimama. Alijua angeweza kukisia. Miguu yake ilikwisha kuchagua kubaki.

"Sikusikia vizuri, mke wangu," akasema. "Umesema nije, au nisije?"

Raheli akashusha kanga.

"Nimesema uje," akasema. "Ukamwambie mama hayo hayo, kwa mdomo wako."